Harusi ya mwanangu niliitazama kwenye simu. Sasa anajifungua, na mbwa wangu haruhusiwi kwenye ndege

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 48, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 15 niko Columbus, Ohio. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao: nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa kwa saa zake, nakaa nao wakitaka mtu wa kuongea naye. Mtoto nimejaliwa mmoja, wa kike. Yuko Seattle na mumewe na, Mungu akipenda, mwanzoni mwa Februari atajifungua. Zimebaki kama miezi miwili na nusu. Shida yangu inaanzia hapo, na naomba univumilie, maana nyumbani nikiisema watu watacheka. Inahusu mbwa.

Mwaka 2017 mume wangu alifariki usiku, kitandani, ubavuni pangu. Ulikuwa moyo. Mimi nimelala fofofo, sikusikia kitu. Niliamka alfajiri nimwamshe tusali, nikamshika mkono, ulikuwa umeshapoa.

Nilikaa eda, nikaimaliza, nikarudi kazini. Nilidhani nimemaliza kulia. Siku moja nilikuwa ndani ya lifti ya hospitali na mgonjwa wangu kwenye kiti cha magurudumu, lifti ikakwama, dakika mbili tu. Moyo ukaanza kunienda mbio, vidole vikafa ganzi, koo likaziba, nikajua na mimi saa yangu imefika. Walinilaza, wakanipima kwa mashine zote, wakasema moyo wako mzima kabisa, hii ni hofu. Tangu siku ile mahali popote penye mlango nisioweza kuufungua mwenyewe pananitisha. Lifti sipandi. Msikitini Ijumaa nasali nyuma kabisa, karibu na viatu.

Mwaka 2018 bibi mmoja niliyekuwa namtunza alifariki akaacha mbwa, chotara, wa kahawia iliyokolea, kilo 17. Wanawe walitaka kumpeleka kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Nikasema nipeni wiki moja nimtafutie mtu. Mimi, niliyekulia nyumba ambayo mate ya mbwa yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, nikamfungulia mbwa mlango. Usiku wa tatu hofu ikanijia usingizini. Akapanda kitandani, akanilalia miguu, kisha akasogea kifuani akatulia hapo na uzito wake wote, akipumua polepole. Pumzi zangu zikaanza kufuata zake. Ile wiki moja haijaisha mpaka leo. Nilimpa jina Karafuu, kwa ile rangi. Chumba cha kusalia haingii, ana pazia lake na analijua.

Mwanasaikolojia wangu aliniandikia barua kwamba Karafuu ni mnyama wa faraja. Mwaka 2019 tulipanda naye ndege kumpeleka binti yangu chuo Seattle. Alilala katikati ya miguu yangu njia nzima na hakuna aliyetudai hata senti. Kisha kanuni zikabadilishwa, na ile barua sasa iko kwenye droo, haina kazi. Tangu hapo sijapanda ndege. Binti yangu alipofunga ndoa miaka miwili iliyopita nilitazama kwenye simu. Nilimwambia kazini wamekataa kunipa ruhusa. Ruhusa nilikuwa nayo.

Sasa anazaa. Mama gani wa Tanga anamwacha mwanawe akae arobaini peke yake? Nani atamkanda maji ya moto? Nani atampikia uji wa pilipilimanga?

Shoga yangu wa kazini anasema najitesa bure. Anasema nijaze fomu ya mbwa wa huduma, wale wanaowaongoza wasioona na wengineo, niandike kwamba Karafuu amefundishwa. Kwenye mtandao wanauza kizibao chekundu na kadi yenye picha ya mbwa, dola 60. "Hakuna anayekagua," ananiambia. Fomu nimeifungua mara tatu. Chini pana maneno kwamba kusema uongo humo ni kosa la jinai kwa sheria ya serikali kuu. Nimeifunga mara tatu.

Na kuna jingine. Jumanne na Alhamisi namtunza mzee mmoja asiyeona. Juzi namkatia tofaa akanisimulia habari za mbwa wake wa zamani, aliyemwongoza miaka sita. Mwaka 2018 walikuwa uwanja wa ndege, mbwa mwingine aliyevishwa kizibao akamrukia mbwa wake akamng'ata sikio. Kidonda kilipona, lakini mbwa akawa anatetemeka kila akiona mbwa mwenzake, hawezi tena kazi. Ikabidi astaafishwe, na mzee akakaa zaidi ya mwaka hana wa kumwongoza. Hakujua kwamba fomu iko kwenye simu mfukoni mwangu. Usiku ule sikula.

Dada, je, ugonjwa wangu si ugonjwa? Karafuu ni mpole, hajawahi kumng'ata mtu. Nikisema uongo huu nitamuumiza nani? Na mkwe wangu ni kijana wa dini sana, sijui atasemaje mbwa akiingia nyumba yenye kichanga. Sijamuuliza. Binti yangu naye hajui lolote kuhusu hii hofu, anadhani Karafuu ni mbwa wa kunipotezea upweke. Najua utaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie, lakini niambie na namna ya kufika Seattle.

Bibi mtarajiwa, Ohio

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mzee wako. Najua ni miaka mingi sasa, lakini barua yako inanipa wasiwasi kwamba pole za alfajiri ile hukupewa vya kutosha. Watu hutoa pole ya msiba. Wachache hutoa pole ya kulala karibu na mtu unayempenda na kuamka hayupo, na wewe umeibeba hiyo kimya huku ukiogesha wazee wa wenzako.

Kwanza nikurudishie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Una hofu iliyoanza baada ya kifo, inayokukamata mahali usipoweza kutoka. Una mbwa ambaye amekuwa dawa yako. Ndege ilimpokea, kisha ikaacha kumpokea, na wewe ukaacha kusafiri, ukakosa harusi. Sasa mlango uliobaki unaouona ni wa uongo, na kwenye mlango huo amesimama mzee asiyeona. Nyuma yake yuko mkwe, na nyuma kabisa yuko binti ambaye hajui. Umeniuliza zaidi kuhusu ndege. Nitaanza na ndege, lakini sitaishia hapo.

Unauliza kama ugonjwa wako si ugonjwa. Naona umeisoma kanuni mpya kama hukumu juu yako, na sidhani ndivyo ilivyo. Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1986 sheria inayoyakataza mashirika ya ndege kumbagua abiria mwenye ulemavu, na kwa miaka mingi chini ya sheria hiyo barua kama yako ilitosha. Kisha wakaja wengi. Kwa hesabu za chama cha mashirika ya ndege ya huko, wanyama wa faraja waliosafirishwa walikuwa 481,000 mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakafika 751,000. Mwaka 2014 nguruwe alishushwa ndegeni Connecticut. Januari 2018 mtu alifika uwanja wa Newark na tausi. Vya tausi watu walicheka, lakini Juni 2017, kwenye ndege iliyokuwa Atlanta, abiria aling'atwa usoni na mbwa wa faraja wa jirani yake wa kiti. Humo kati walikuwamo wagonjwa wa kweli kama wewe, na walikuwamo waliokuwa wanakwepa tu nauli ya mnyama, ambayo ni kama dola 100 na zaidi kwa safari moja.

Wizara ya Uchukuzi ilipotaka maoni mwaka 2020 ilipokea zaidi ya 15,000. Kanuni ikatoka Desemba mwaka huo na kuanza kazi tarehe 11 Januari 2021: mashirika hayalazimiki tena kumtambua mnyama wa faraja, na mnyama wa huduma ni mbwa peke yake, aliyefundishwa kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Mimi naona walikata kwa panga mahali palipohitaji kisu. Wenye hila walikufungia mlango wewe uliyekuwa mkweli, na ukikasirika una haki. Lakini soma na upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Imesema wazi kwamba ulemavu unaosemwa ni pamoja na wa akili na nafsi, na kwamba mbwa aliyefundishwa kumsaidia mwenye ugonjwa wa nafsi ana haki sawa na yule anayemwongoza asiyeona. Kwa hiyo hakuna aliyesema huumwi. Wanachouliza ni kingine: mbwa wako anafanya nini?

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wewe na shoga yako mnaongea kana kwamba kuna njia mbili tu, ukweli unaokuacha Columbus au uongo unaokufikisha Seattle. Umeniandikia kwamba hofu ikija Karafuu anakulalia kifuani kwa uzito wake mpaka pumzi zako zinatulia. Mbwa kuwepo tu na wewe ukapata faraja, hiyo kisheria haitoshi. Mbwa aliyefundishwa kuitambua hofu inapoanza na kufanya jambo mahususi la kuikata, huyo ni mbwa wa huduma, na kulalia mwili kwa uzito ni mojawapo ya kazi ambazo mbwa wa namna hiyo hufundishwa. Karafuu yuko wapi kati ya hao wawili? Sijui, na nadhani hata wewe bado hujui. Je, anafanya kila mara, au mara nyingine anaendelea kulala? Ukimwita kwa neno fulani anakuja? Anafanya na mahali pengine, kwenye benchi la kituo cha basi kwa mfano, au kitandani tu?

Sheria hailazimishi mbwa apitie chuo. Mwenyewe unaweza kumfundisha, peke yako au na mwalimu wa mbwa. Ila mafunzo lazima yawe yamefanyika kweli, kwa kazi yenyewe na kwa adabu ya mbele za watu: kutobweka, kutorukia, kutulia chini ya miguu yako matangazo yakipigwa na masanduku yakipita na mbwa mwingine akimnusa. Fomu inamtaja aliyemfundisha mbwa, na daktari wa mifugo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kauntani wanaruhusiwa kukuuliza kama unamhitaji mbwa kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Ugonjwa wako ni upi hawaruhusiwi kukuuliza. Kwa hiyo zungumza na mwanasaikolojia wako, mtafute mwalimu wa mbwa amtazame Karafuu bila kumbembeleza, akuambie kama miezi miwili na nusu inatosha. Huenda ikatosha, kwa kuwa nusu ya kazi ameshajifunza kwako. Huenda isitoshe, maana kwa hesabu zako si kijana tena. Hatari ya njia hii ni kwamba utaipenda sana hata siku ya kujaza fomu ujiambie "karibu ameiva" na uandike "ameiva".

Kile kizibao na kadi ya dola 60 viache. Hakuna daftari la serikali la mbwa wa huduma huko Marekani, kwa hiyo kadi hiyo haitoki popote isipokuwa kwenye mashine ya mwenye duka.

Sasa swali lako la nani ataumia. Sitaki kukutisha kwa habari za mahakama. Nakuuliza jambo dogo zaidi: wewe ambaye lifti ya dakika mbili ilikulaza hospitali, utakaa kama saa tano hewani ukiwa umeshika uongo, kila mhudumu akipita unahisi anakuja kukuuliza? Nina wasiwasi kwamba uongo huo ungekuwa mlango mwingine usioweza kuufungua. Lakini hiyo ni hofu yangu juu yako, na wewe unajijua kuliko ninavyokujua.

Ama mzee wako. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuwaongoza wasioona huko Marekani ilianzishwa mwaka 1929, na wale wa mwanzo walipigania miaka mingi mbwa wao waruhusiwe kuingia dukani, hotelini, kwenye treni. Kila mbwa asiyefundishwa anayevishwa kizibao anaichota imani ile waliyoijenga. Karafuu hahitaji kumng'ata mtu ili aichote. Inatosha abweke, mhudumu akunje uso, na kesho yake amtazame mbwa wa mzee kwa jicho lilelile. Wakati huohuo, mdogo wangu, usimfanye mzee kuwa hakimu wako. Hukumng'ata mbwa wake. Mwaka 2019 ulisafiri kwa barua halali, kwa kanuni zilizokuwepo. Nimewaza kwamba mtu aliyeishi miaka na mbwa wa kazi anaweza kuwa ndiye anayejua kuliko wote mafunzo ni nini. Ungemwambia ingekuwaje? Si kwa kuungama. Kwa kuuliza. Huenda akanuna, na huenda akakuambia niletee huyo Karafuu nimsikie anavyotembea.

Tuseme Karafuu hafai kwa fomu. Zimebaki njia nyingine, na zote zina makali yake. Treni haipo, Columbus haina kituo cha treni za abiria, na hata ungeifuata mji mwingine, Amtrak, shirika la treni za abiria la huko, hupokea wanyama wa kufuga wasiozidi kama kilo 9 pamoja na begi lao, kwa safari isiyozidi saa saba. Kumweka kwenye tumbo la ndege ni jambo ambalo mashirika makubwa kadhaa yameliacha kwa abiria wa kawaida, na hata ukipata linalokubali, mbwa mwenye umri wake peke yake kwenye kelele zile, nisingekuwa na amani nalo. Gari inawezekana. Ni kama kilomita 3,900, siku nne kwa mwendo wa kistaarabu, lakini mwishoni mwa Januari unapita Montana na milima ya Idaho na Washington kwenye theluji. Usiende peke yako. Kama yupo ndugu au mwenzako wa msikitini wa kupokezana naye usukani, iwekeni siku ya akiba, kwa sababu barabara za milimani hufungwa.

Na kuna kupanda ndege bila yeye. Najua umeishtukia sentensi hiyo. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington kilipima wanafunzi 249, na waliokaa dakika kumi wakiwapapasa mbwa na paka walionekana homoni ya msongo imepungua mwilini. Kwa hiyo Karafuu si ndoto yako, mwili wako unasema kweli. Lakini hofu ya namna yako ina matibabu mengine pia, na sijaona kwenye barua kama umeyajaribu au kama Karafuu alipofika uliyaacha. Kuna mazoezi ya kuikaribia hofu kidogo kidogo ukiwa na mtaalamu: leo kusimama mbele ya lifti, wiki ijayo ghorofa moja, baadaye mbili. Kuna dawa ambazo daktari anaweza kukupa kwa safari. Kuna kuchagua kiti cha njiani, kumwambia mhudumu mapema "nina hofu, nikitetemeka usishtuke". Ukipita Denver, uwanja wa pale una kikosi cha mbwa wa kujitolea wanaozunguka na wenyewe wao ili abiria wawapapase. Si Karafuu, najua. Hatari ni kwamba hofu inaweza kukukamata hukohuko juu, na nisingekudanganya kwamba haitakukamata. Ila moyo wako walishaupima, na hofu hiyo hata bila Karafuu ina mwisho wake. Muulize mwanasaikolojia wako huchukua dakika ngapi.

Lakini haya yote ni ya saa tano. Umezihesabu saa tano za ndege, hujahesabu usiku arobaini. Karafuu akibaki Columbus, nani atakulalia kifuani Seattle saa nane ya usiku, mtoto analia chumba cha pili na wewe vidole vimekufa ganzi? Na Karafuu akifika, atalala wapi? Haya mawili kizibao chekundu hakiyajibu, na naona ndiyo mazito.

Mkwe wako umemjibia kabla hujamuuliza. Pengine umemjibia sawasawa. Mimi si shekhe. Sisi wa pwani tumelelewa kwa Imamu Shafi, tahadhari yetu juu ya mbwa ni kubwa, na nyumba ni yake, kichanga ni chake, ana haki ya kusema hapana na usimwone mbaya. Lakini umeishi na Karafuu miaka yote hii na pazia la chumba cha kusalia, una ujuzi wa namna ya kulinda twahara nyumba yenye mbwa kuliko yeye. Mwulize kabla hujalipa chochote. Mpe nafasi ya kuuliza mashekhe wake. Wako wanaofuata Imamu Malik wenye mtazamo mwepesi zaidi juu ya mbwa, na sote tunasoma Suratul Kahf tukimkuta mbwa amenyoosha miguu kwenye kizingiti cha pango. Inawezekana mkaishia kupanga chumba karibu nao, ukalala huko na Karafuu na kushinda kwa mzazi. Inawezekana ukafika bila yeye. Sitachagua kwa niaba yenu.

Nimefika kwa binti, na hapa nakuuliza kwa upole. Kwenye kichwa chake, mama yake hakuja harusini kwa sababu ya kazi. Una hakika ndivyo anavyoamini? Bibi harusi asiye na mama wala baba ukumbini huwa na maswali, na asipopewa jibu la kweli hujitungia la kwake. Huenda anadhani hukumpenda mume aliyemchagua. Huenda hilo ndilo analolala nalo sasa, tumbo likiwa la miezi saba, akijiuliza kama safari hii utakuja. Unamficha ugonjwa ili usimtie wasiwasi, na huenda pengo uliloliacha limemtia wasiwasi mkubwa zaidi.

Ukimwambia kuna hatari pia. Anaweza kukasirika kwa ule uongo wa ruhusa. Anaweza kuogopa na kusema mama usije, kaa upone. Anaweza kulia na wewe uko mbali huwezi kumshika. Hayo yote yanaweza kutokea na sitakuahidi vingine. Lakini unakwenda kumtunza mzazi na kichanga usiku, na nadhani anayetunzwa anahitaji kujua siku ukikaa sakafuni ghafla unatetemeka, afanye nini na asifanye nini.

Fomu ile mashirika yanaweza kuitaka saa 48 kabla ya safari. Siyo leo. Usiifungue usiku. Chukua daftari, wiki hii kila hofu ikija andika Karafuu alifanya nini, alianza lini, uliita au alikuja mwenyewe. Utalihitaji daftari hilo kwa mwalimu wa mbwa, au kwa mwanasaikolojia, au kwa binti yako.

Na ukimpigia, mpigie mchana, siku usiyo na zamu, Karafuu akiwa miguuni. Usianze na ndege wala mbwa. Anza na ile alfajiri ya 2017, umwambie ulivyomshika mkono. Naye alifiwa na baba asubuhi ileile, na kwa unavyoniandikia, sidhani kama mmewahi kukaa mkaizungumza.

Dada yako,
Mshauri